Mbio Zilizolikataa Gari Jeupe

Mtaa wa Majengo,
Mpanda,
14 Agosti 1999.

Mpendwa mdogo wangu Gabrieli,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimeshakuachia. Upepo wa ziwa mwezi huu ni mkali huko Karema, kwa hiyo ukitoka majini vaa lile sweta la kaka yako Fabiani, usilifungie tu sandukuni. Sisi hapa hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila miguu inamsumbua asubuhi mpaka jua lipande. Mpunga wa shamba letu la kijijini Mamba tumeuingiza wote na mwaka huu haukuwa haba. Cherehani yangu inafanya kazi, nashona sare za watoto.

Barua yako nilipewa na dereva wa lori la dagaa. Nilimsomea Mama salamu zako tu, sehemu nyingine nikaziruka. Unasema hutakuja kumaliza matanga ya Fabiani, kwamba ulichelewa maziko na sasa huna uso wa kukaa kati ya ndugu. Unasema mashine ya gemu apewe yeyote, hutaki kuiona. Sikukasirika, mdogo wangu. Lakini naomba unisikilize mpaka mwisho, hata nikisimulia mambo unayoyajua, kwa sababu katikati yake lipo moja usilolijua.

Unakumbuka mlivyoileta ile mashine kutoka Kigoma, na ile diski ya magari iliyoandikwa Kifaransa kitupu. Hakuna aliyeelewa neno, lakini vijana walijaa kwenye kibanda chenu cha gemu kama wanaosubiri mnada. Mimi nilikuwa napita kuwaletea chai, namkuta Fabiani amevua viatu, ulimi uko nje kidogo, kona ikija anajikunja mwili mzima kama vile kiti ndicho kinachokata kona. Yale magari ya mashine alikuwa ameyapa majina ya ukoo. Lile la bluu aliliita Baba Mkubwa Bartolomeo, kwa sababu lilikuwa halimpishi mtu.

Na unakumbuka zile mbio maalumu ambazo zawadi yake ilikuwa gari ambalo haliuzwi dukani. Pale kiooni, kwenye mlango wa kuingilia mbio hizo, palikuwa na maneno na namba mia mbili. Mlianza na lile gari dogo jekundu, nguvu ya injini yake haikufika hata mia na sitini. Mkaitazama ile namba, mkasema bado hatujafika, lile jekundu hamkuwahi hata kulipeleka mlangoni. Mkashindana wiki nyingi mpaka mkanunua lile jeupe lenye mia mbili na thelathini. Likakataliwa. Nilikuwepo siku hiyo, nimeshika birika. Wewe ulishangaa, mbona mmeshapita namba. Fabiani akasema ni kama mtihani wa darasa la saba, kufaulu si kuchaguliwa, wanaoingia ni wale waliopita mbali. Yeye mwenyewe alifaulu asichaguliwe, kwa hiyo hakuna aliyembishia. Mkaweka turbo. Likakataliwa. Mkabadilisha ekzosi. Likakataliwa tena.

Halafu ndiyo likaja lile la mwezi wa kumi. Fabiani alikwenda Mamba kumsaidia Mama kuezeka jiko, akakuachia kibanda. Ulitaka arudi akute mlango umefunguka. Ukauza gari jekundu, ukatumia kila kilichokuwepo kuongeza ukubwa wa injini ya lile jeupe, ukahifadhi kwenye ile kadi ya kumbukumbu ya mashine. Gari likavuka mia tatu. Likakataliwa. Aliporudi hakutaka kujua nia yako. Alikuambia mbele ya wateja, "Wewe ukiachiwa kitu unakiuza." Ninajua umekwenda na neno hilo mpaka Karema, na ninajua unalala nalo. Machi Fabiani akapata homa iliyopanda kichwani, siku chache tu akaondoka, mvua ikakata barabara, ukafika udongo umeshakauka juu yake. Unadhani alikufa na neno lile mdomoni.

Sasa nikuambie.

Mwezi uliopita nilikwenda na Kashinje kufungua kibanda ili tukifagie. Kashinje bado yuko kwenye ile mashine ya kusaga karibu na soko, na bado anatania kama zamani. Tulipokuwa tunatoa utando wa buibui, akapita Athanasie, mama mmoja wa Katumba anayeuza vitenge, akaingia kunipa pole kwa sababu wakati wa msiba alikuwa safarini. Alikaa kwenye benchi, akaitazama televisheni iliyofunikwa shuka, akacheka peke yake, halafu akaomba radhi kwa kucheka. Nikamuuliza kuna nini. Akasema marehemu alimwita humo ndani mwezi wa pili. Alikuwa amesikia kwamba yeye alisoma kwa Kifaransa kwao Burundi, akamwomba amsomee maneno ya mlango mmoja.

Athanasie aliyasoma. Yalisema nguvu ya gari isizidi mia mbili.

Isizidi, Gabi. Haikuwa namba ya kufikia. Ninyi mlikuwa mnaongeza nguvu kwenye mlango uliokuwa unawaambia mpunguze, na kila mkikataliwa mnaongeza tena. Athanasie alisema Fabiani alimwomba arudie, kisha akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu, watu wa duka la jirani wakaja kuangalia. Alipomaliza kucheka akasema, "Basi hata Gabi hakukosea peke yake."

Kashinje ndiye aliyenimalizia. Fabiani alijaribu kwanza kulipunguza lile jeupe. Akatoa turbo, akarudisha ekzosi ya mwanzo, lakini ile kazi ya kuongeza injini ukishaifanya haitoki, gari likabaki limezidi. Kwa hiyo akaanza upya. Akawa anarudi kwenye zile mbio ndogo za mwanzo kabisa, za gari za kujifunzia, apate pesa za kununulia tena jekundu. Kashinje alimtania sana. Alimwambia mtu mzima mwenye ndevu anawapora watoto maembe. Yeye hakujali. Alilinunua, akalichagulia rangi ileile, akawa anaongeza kidogo, anaangalia namba, akiona imepita anatoa, mpaka likasimama mia na tisini na saba.

Kashinje alimwambia haya, ingia sasa. Akakataa. Wakabishana. Kashinje anasema aliona kama ni woga. Ndipo Fabiani akamwambia, "Tutaingia Gabi akija Pasaka. Nikiingia peke yangu atasema nimebahatisha."

Kwa nini hakukuandikia, sijui. Unamjua, kalamu kwake ilikuwa mzigo. Nafikiri alitaka uone kwa macho, ashuhudie sura yako. Pasaka haikumfikia. Lakini hakufa na neno la mwezi wa kumi, mdogo wangu. Alikufa anakusubiri, tena akiwa na furaha, kama mtu aliyeficha zawadi chini ya kitanda.

Nilipoyasikia hayo nilitaka kukuandikia jioni ileile. Nikasita, na hapa ndipo lazima nikueleze nilichofanya, maana huenda hutakipenda. Nilijiambia, je, kama Athanasie alisoma vibaya? Nikikuandikia kwamba mlango ungefunguka, kisha uje kutoka Karema ukakute umefungwa, itakuwa nimekuzika na wewe. Kwa hiyo Jumapili baada ya misa, umeme ulipokuwepo, nilimwomba Kashinje awashe. Nikakaa kwenye kiti cha Fabiani. Nikaliona jekundu limeegeshwa peke yake upande mmoja na lile jeupe upande wa pili. Nikalipeleka mlangoni mimi mwenyewe, nimekishika kile kidubwasha cha kuchezea kama nimeshika kifaranga.

Mlango ulifunguka, Gabi.

Sikuweza kurudi nyuma, taa zikawaka, magari yakaondoka. Nilishika nafasi ya sita katika magari sita. Niligonga ukuta, nikageuka, nikaendesha kwa muda nikirudi tulikotoka, na lile la bluu likanipita kwa dharau likinizunguka mara ya pili. Kashinje alikuwa anasema, "Dada, breki, hiyo breki," nami nilikuwa nalia na kucheka, sioni hata barabara. Tukazima bila kuhifadhi. Kwenye kadi kila kitu kiko kama alivyokiacha yeye, mbio zile bado hazijaingiwa na mtu. Nisamehe kwa kutangulia. Nilitaka kuwa na hakika kabla ya kukuita.

Baba Mkubwa Bartolomeo alikuwa amepanga mashine aichukue binamu yetu Selestine wa Sitalike. Nilikwenda kwake, nikapiga magoti, nikamweleza kwamba vitu vingine vyote vya marehemu vigawanywe kama desturi, lakini hicho kisiguswe mpaka wewe ukae kwenye mkeka na sisi. Alinung'unika, akauliza tangu lini televisheni ikawa na wosia. Mwishowe akakubali, ila kasema usipofika siku hiyo itakwenda Sitalike, na yeye harudii neno. Sikumwambia kuhusu lile gari la bluu.

Matanga tunamaliza Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Padri ameahidi kuja kusoma misa nyumbani. Barabara ni kavu, malori yanapita. Kaburi tumelijengea, Mama amepanda maua ya njano pembeni, anayamwagilia mwenyewe hata akiwa na miguu ile. Jana aliniuliza kama umeshaandika utakuja lini. Nilimwambia bado unatafuta lori. Usinifanye niwe mwongo kwa Mama.

Ukija tuletee samaki, ile migebuka mikavu, Mama anaitamani. Kashinje anakusalimu sana, na Athanasie anakusalimu ingawa hamjuani. Wasalimie wenzako wa mtumbwini, na mwambie mama mwenye nyumba wako nashukuru kwa dawa aliyokupa. Mungu akulinde juu ya maji na akufikishe nchi kavu.

Nakungoja hapa nyumbani,

dada yako,
Evaline.