Mshale Ukitulia, Unabofya

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Sadick kalia tena mchana. Machozi tu, bila sauti. Sauti yenyewe iliisha kabla ya Ramadhani. Nikauliza: maji? Mto? Nikugeuze? Redio? Akiinua macho juu ni ndiyo, akiyapeleka pembeni ni siyo. Yote yakawa siyo. Nikaleta kile kipande cha boksi nilichoandika herufi. Napitisha kidole, herufi moja moja, yeye ainue macho kwenye anayoitaka. Hatukufika popote. Macho yamejaa machozi, ataonaje?

Mtu aliyekuwa anauza samaki kwa mdomo wake. Mnada wa samaki wa hapa Masoko ulikuwa haunogi mpaka yeye aanze kunadi. Wavuvi wa kisiwani Songo Mnara wakifika na mzigo wao wanauliza kwanza, Sadick yupo? Leo namuuliza mume wangu kama mtoto mchanga, na sipati jibu.

Mwisho nilikaa chini nikaacha kuuliza. Naye akaacha kulia. Sijui nani alichoka kwanza.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilikwenda dukani kwa Kaniz kutoa kopi ya vyeti vya hospitali. Tulisoma pamoja sekondari, sasa duka la baba yake analiendesha yeye — kopi, madaftari, chaja. Kaniuliza hali ya mgonjwa, nikajikuta namweleza yote pale kaunta, wateja wanasikiliza.

Kasema: mkono unasogea?

Wa kulia, kidogo. Anaweza kusukuma kitu chepesi. Lakini kidole hakina nguvu ya kubonyeza hata rimoti.

Basi njia ipo, kasema. Laptopu inaweza kuwekwa ibofye yenyewe. Yeye atasogeza mausi tu. Mshale ukitulia mahali, unabofya.

Nilimwitikia ili yaishe. Nimeshaambiwa mengi mwaka huu — mafuta, kombe la kunywa, daktari wa Mtwara. Kasema atakuja kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Kaja kweli, na laptopu yake ya zamani. Kibodi imechorwa kwenye skrini, herufi kubwa. Programu ya kujibofya kaipakua kwa bando lake. Tukaweka sinia juu ya mapaja ya Sadick, mausi juu ya sinia, mkono wake juu ya mausi.

Balaa. Mshale ukisimama kidogo tu — klik. Anafikiria, inabofya. Anapumzika, inabofya. Ikafungua picha za harusi ya mdogo wake Kaniz, ikafungua kikokotoo, ikafungua vitu hata Kaniz hakuvijua, halafu ikajizima. Kasema muda tuliouweka ni mfupi mno. Akawa anatafuta pa kuurefusha, lakini kila akitulia kusoma maandishi, na yeye inambofyea. Tukabaki tunaitazama ikijiendesha kama ina wazimu.

Sadick jasho linamtoka. Umeme ukakatika. Betri ya laptopu haina kitu, ikafa hapo hapo.

Mama mkwe kaniambia nisimtese mwanawe. Nilihisi anasema kweli.

Jumatano, 6 Agosti

Umeme umerudi saa nne. Kaniz kaja kuurekebisha mtambo, kauacha hapa nijaribu mwenyewe. Sasa muda ni mrefu zaidi, na kuna kona moja chini ambako mshale unaruhusiwa kupumzika bila kubofya. Nimejaribu kuandika jina langu bila kugusa kitufe. Nimepata Mwwahijsa. Mkono mzima nao, viungo vyote ninavyo, na jasho limenitoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Ameandika.

Ilichukua asubuhi nzima. Herufi inakuja, anakosea, anarudi kufuta, anafuta na zile nzuri. Mimi nimekaa kando yake naogopa hata kupumua. Nilitegemea jina langu. Au la Mungu. Maneno yakawa mawili:

feni macho

Nikatazama feni. Nimeielekeza usoni kwake tangu alipoanza kulala kitanda hiki. Kwa sababu ya joto, kwa sababu ya nzi. Na kope zake hazifumbi tena vizuri. Kumbe yale machozi — miezi yote hii — ni upepo wa feni. Ni mimi.

Nikaigeuzia ukutani. Nikamwambia nisamehe. Akasukuma mausi tena, muda mrefu, akaandika: poa.

Jumapili, 10 Agosti

Siku nzuri, niiandike. Haruna kaja, yule waliyekuwa wakinadi pamoja. Kamsimulia habari za sokoni, Sadick anasikiliza, mshale unatembea. Haruna kaegemea skrini kusoma: changu bei gani leo. Kataja bei ya samaki huyo. Mshale ukatembea tena: umeibiwa. Haruna kacheka mpaka kaenda kufutia machozi uani.

Jioni kaniandikia kwamba uji wangu ni gundi. Nikamwambia akapike yeye. Halafu: mke huyu siuzi. Nimeisoma mara nyingi. Kaniz kanionyesha namna ya kuhifadhi maandishi yasipotee. Nimeihifadhi.

Jumatano, 13 Agosti

Kapaliwa na uji asubuhi. Vibaya. Midomo ilibadilika rangi. Mimi nampiga mgongoni, mama mkwe anasoma kila dua anayoijua. Uji ukamtoka. Baadaye kalala, kifua kinakoroma.

Nikampigia shemeji Bakary Lindi, kaka yake mkubwa. Kasema basi, imetosha, Jumamosi analeta gari ampeleke Dar. Kule kuna mpira wa kulishia unaotiwa tumboni, na mashine ya kupumulia ikifika hapo. Daktari alishatueleza: neva zinazoendesha misuli zinakufa moja moja, akili inabaki nzima, dawa ya kuponya haipo. Mpira na mashine vitamwongezea muda. Muda kiasi gani hakusema.

Nilifurahi. Niliona mlango umefunguka.

Nikaenda kumwambia Sadick. Kabla sijamaliza mkono umeanza kusukuma.

sitaki

Nikasema hujanielewa, ni mpira mdogo tu, hutapaliwa tena.

nimeelewa

Nikasema Sadick, unajua maana yake usipokwenda?

Kauweka mshale kwenye ile kona ya kupumzikia. Nikadhani kaghairi. Halafu herufi zikaja, hakukosea hata moja:

nataka kufia kwangu

Mama mkwe kaingia. Yeye anasoma msahafu, herufi hizi hazijui. Kauliza, mwanangu kaandika nini? Sadick ananitazama mimi. Nikasema: anasema amechoka, mama.

Nikafuta yale maneno. Sikuyahifadhi.

Alhamisi, 14 Agosti

Hajaandika kitu leo. Mausi iko chini ya mkono wake, hasogezi. Nikiinama usoni kwake anapeleka macho pembeni. Siyo.

Nimemweleza Kaniz peke yake. Kauliza, sasa utawaambiaje? Nikasema sijui. Kasema, ni maneno yake, Mwahija. Najua ni maneno yake. Ningependa yasingekuwa yake. Kaniz kageukia kupanga karatasi zake.

Ijumaa, 15 Agosti

Shemeji Bakary kafika kabla ya sala ya Ijumaa, siku moja mapema. Kaleta madafu ya shambani kwao Mchinga. Kamshika mdogo wake kichwa, kamwombea. Nakumbuka alivyowalea wadogo zake wote baada ya baba yao kufariki. Hana ubaya. Ndiyo maana ni kazi ngumu.

Baada ya chakula nikajikaza. Nikasema, shemeji, Sadick hataki kwenda.

Nani kasema?

Mwenyewe. Kaandika.

Kasema, aandike tena nione. Tukaweka sinia. Bakary kasimama kichwani kwake: mdogo wangu, twende Dar ukatibiwe? Mkono ukatetemeka. Sijawahi kuuona unatetemeka vile. Ikatoka: dutakkkm. Akafuta. Ikatoka: sotaj. Halafu nukta nyingi, mstari mzima.

Bakary kasema hayo si maneno.

Nikasema amekakamaa, shemeji, kuna watu wanamtazama, mpe muda. Kaniz alikuwepo, akaeleza namna inavyofanya kazi. Bakary kasikiliza kwa adabu. Akauliza: kwa hiyo anayebofya ni mashine?

Kaniz kasema, mashine inabofya, yeye anachagua.

Bakary akachukua sinia, akaiweka juu ya meza. Akainua mikono yote miwili tuione. Halafu akagonga mguu wa meza kwa goti. Mausi ikatikisika, mshale ukasogea, ukatulia. Ikaandika L.

Mmeona, kasema. Hapo hapana mtu, na imeandika.

Hakusema kwa ukali. Kasema kama anayetuonea huruma. Mama mkwe akaniuliza mbele ya wote: Mwahija, kweli mwanangu kasema hataki? Nikakumbuka nilivyomwambia juzi. Nikasema… nikasema ndivyo ilivyoandikwa, mama. Ndivyo nilivyojibu. Sikusema ndiyo.

Na Sadick anasikia yote.

Jumamosi, 16 Agosti

Gari liko nje tangu asubuhi, siti za nyuma zimelazwa, godoro limetandikwa. Nguo zake nimezifunga. Zangu pia.

Kaniz kaja kuomba kitu kimoja: ajaribu mara ya mwisho, kwa utulivu, pasiwe na mtu kichwani kwake. Bakary kakubali. Kasema hataki kesho aambiwe alimbeba ndugu yake kwa nguvu. Kaomba tu maneno yawe kamili, yasomeke. Akisema hataki kwa maneno yanayosomeka, ataliondoa gari. Kaapa mbele ya mama yake.

Kaniz kaongeza muda wa mshale kutulia, mkono ukitetemeka usiharibu. Wote tukakaa ukutani. Mimi nimekaa karibu na mlango.

Mshale ukatoka konani. Ukapanda. Ukapita herufi moja, ukarudi. Ukatulia.

S

Mama mkwe kauliza ni ipi hiyo. Bakary kasema, sin, kama ya msahafuni, mama. Halafu kasema taratibu, kama anaomba: sawa. Anataka kusema sawa.

Mshale ukaanza kusogea tena, polepole mno, kuelekea juu. Ukafika katikati ya njia. Halafu mkono ukateleza kwenye mausi, ukadondoka pembeni ya sinia, kiganja juu. Hauwezi kupanda wenyewe. Ukiwa baridi haufanyi kazi mpaka ukandwe kwa kitambaa cha moto, ukunjuliwe vidole, urudishwe juu ya mausi. Kaniz hajui namna. Mama mkwe mikono yake haina nguvu. Mimi ndiye ninayejua.

Wote wakanitazama. Sadick pia. Macho yake hayakwenda juu wala pembeni — yalinitazama tu.

Nikasema naenda kuchemsha maji.

Naandika hapa jikoni. Wananisubiri chumbani; bila mimi neno halimaliziki, na gari litaondoka naye. Dereva kapiga honi mara moja, Bakary kamwambia anyamaze.

Maji yamechemka. Yamechemka muda mrefu. Kitambaa kiko begani kwangu, kikavu, na bado nimekaa.