Vidonge Viwili Katika Bahasha Moja

Jumanne jioni. Mvua ilianza saa tisa, ikapiga mabati hadi karibu saa kumi na moja, kisha ikaacha ghafla. Kutoka dirisha la jikoni kwangu hapa Manga naona ukungu ukipanda kutoka mashamba ya chai. Bado nimevaa viatu vya matope. Sina hasira leo, na wanaosoma ukurasa huu watashangaa.

Wengi wenu mnanijua kwa ugomvi. Mwaka huu ni wa tisa nikiwa muuguzi wa shule moja ya msingi ya bweni upande wa Sironga, yenye watoto kuanzia chekechea kwenda juu. Kwa miaka hiyo yote nimeandika hapa juu ya yale ambayo muuguzi wa shule anaruhusiwa kuyafanya na yale asiyoruhusiwa, hata akiagizwa na mwalimu mkuu, hata akibembelezwa na mzazi. Niligoma kuwapanga wasichana wakubwa mstari kila muhula ukifunguliwa na kuwabonyeza matumbo ili shule ijue nani ana mimba. Nilimkuta mwalimu wa chekechea akiwanywesha watoto dawa ya mafua saa saba mchana ili walale naye apate kusahihisha madaftari, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba dawa ya mafua si godoro. Nilikataa kumdunga mtoto sindano ambayo baba yake aliinunua mjini Kisii bila cheti cha daktari, akaituma shuleni ndani ya kikapu cha ndizi. Ndizi nilizipokea.

Lakini zaidi ya yote nimepigania jambo moja. Shuleni, dawa inatolewa na muuguzi. Haitolewi na matroni, wala mlinzi, wala kiranja wa bweni. Niliwahi kuandika hapa kwamba shule inayomkabidhi matroni dawa ni sawa na ile inayomkabidhi mpishi usukani wa basi. Mlisambaza sana maneno hayo. Mimi mwenyewe niliyapenda.

Sasa niandike yaliyotokea. Nimekwisha kuyasema mbele ya bodi ya shule leo mchana, kwa hiyo hapa sifichui siri ya mtu.

Matroni wetu anaitwa Teresia. Ni mama wa makamo kama mimi, Mkatoliki. Mimi ni Msabato. Tangu wiki ya kwanza tulipatana: Jumamosi mimi niende kanisani, yeye abaki, Jumapili yeye aende misa, mimi nibaki na mabweni. Hakuna aliyetuandikia mpango huo. Watu wa huku wanapatana hivyo kila mahali, maofisini na madukani, na kila mmoja anaona ni haki, maana siku moja inarudishwa kwa siku moja.

Haukuwa wa haki, na aliyepaswa kuliona hilo ni mimi. Jumapili nilikuwa nahesabu mablanketi na kuamua kesi za sabuni iliyoibwa. Kazi hiyo anaiweza mtu yeyote mwenye macho na subira. Jumamosi Teresia alikuwa anashika dawa. Tulibadilishana siku, tukajifanya tumebadilishana kazi.

Msabato huandaa Ijumaa. Chinsaga, ile mboga yetu chungu, inachemshwa mapema, maji yanatekwa, viatu vinapigwa rangi, ili jua likitua mikono ipumzike. Nami niliandaa dawa kama ninavyoandaa mboga. Watoto wanaokunywa dawa kila siku si wengi. Nilihesabu vidonge vyao, nikavitia katika bahasha ndogo za kaki, za jioni kando na za asubuhi kando, nikaandika majina, nikampa Teresia. Kisha nikafungua kitabu cha dawa na kutia sahihi ya Jumamosi, Ijumaa mchana, kana kwamba nimewanywesha mwenyewe.

Miaka tisa.

Mimi, yule mwanamke wa mpishi na usukani, ndiye niliyekuwa nikifanya hivyo.

Kati ya watoto hao kuna Kemunto wa gredi ya tatu. Ana kifafa. Anakunywa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na tangu aanze hajapata degedege hata mara moja. Ni mtoto mwenye maneno mengi. Akinywa kidonge chake huniuliza kama nami nimekunywa changu.

Ijumaa iliyopita bahasha ziliniishia. Ilibaki moja. Jua lilikuwa limefika kwenye mgongo wa kilima, na bodaboda wangu alikuwa langoni akipiga honi. Nikatia vidonge vyote viwili vya Kemunto katika bahasha hiyo moja, nikaandika jina lake, basi. Nilimkuta Teresia akiwaogesha watoto wa chekechea, povu hadi kwenye viwiko. Nikamwambia kimoja ni cha leo jioni na kingine cha kesho asubuhi. Akaitikia bila kugeuka, kwa sababu alikuwa amemshika mtoto aliyetaka kukimbia uchi. Mikono yake ilikuwa na maji, nikamtilia bahasha katika mfuko wa aproni mwenyewe.

Jioni hiyo watoto wawili walitapika, mashuka yakafuliwa, Teresia akasahau. Asubuhi alipovaa aproni akaigusa ile bahasha, akashtuka. Akafanya lile ambalo mama yeyote mwenye moyo angelifanya. Alimpa Kemunto vyote viwili, ili kufidia cha jana.

Kidonge cha aina hiyo hakifidiwi hivyo. Cha jioni kikipita hadi asubuhi, kimepita; unatoa cha asubuhi peke yake, unamtazama mtoto kwa makini, unaandika. Nalijua hilo kwa sababu nilisomea. Teresia hakusomea, na katika Ijumaa zote hizo sikuwahi kumweleza. Ndiyo maana kazi hii ina mipaka. Mipaka hiyo haikuwekwa ili muuguzi aonekane mkubwa. Iliwekwa kwa ajili ya asubuhi kama ile, ambapo kosa linafanywa na mtu mwema aliyetaka kusaidia.

Kufikia saa nne Kemunto alikuwa anayumba. Wenzake wakacheka kwamba amepitia kwa wauza pombe. Naye akacheka, wakamshangilia, kisha akaanguka kwenye ngazi za bwalo na kupasuka juu ya jicho. Wakamkimbiza hospitali mjini Nyamira. Alishonwa, akalazwa siku mbili kwa uangalizi. Jana alirudi, na leo amenionyesha nyuzi zake kama mtu aliyetoka vitani. Jicho lenyewe ni zima. Mambo yangeweza kuwa vingine.

Walinipigia simu. Nilikuwa kanisani, nikiimba, na simu nilikuwa nimeizima.

Leo bodi ikakutana. Mwalimu mkuu alinipokea mlangoni kwa tabasamu ambalo sijaliona tangu niajiriwe. Akasema walikosea kutonisikiliza. Mezani, chini ya mnyama kiboko aliyechongwa kwa jiwe laini la Tabaka, anayetumiwa kuzuia karatasi zisiruke, kulikuwa na taarifa iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema matroni alimpa mtoto dawa bila idhini, na kwamba muuguzi alikuwa ameonya mara nyingi. Nyuma yake walikuwa wameambatisha ile makala yangu ya mpishi na usukani. Ilibaki sahihi yangu tu, Teresia afutwe kazi kufikia Ijumaa.

Teresia alikuwa kwenye benchi nje, amevaa gauni lake la misa, mkoba mapajani.

Niliisoma taarifa mara mbili. Hakuna sentensi ndani yake ambayo nisingeweza kuitetea, na kuisoma yote ilikuwa kusoma uongo. Nitakiri: nilichukua kalamu. Nilifikiria leseni yangu. Nilifikiria pia, na hili ni baya zaidi, jinsi ilivyo tamu kushinda mabishano ya miaka tisa huku wapinzani wako wakikuletea karatasi ya ushindi mikononi.

Nikaweka kalamu chini, nikawaeleza yote: bahasha, aproni, honi ya bodaboda, sahihi za mapema. Nikafungua kitabu cha dawa nikawaonyesha Jumamosi moja baada ya nyingine.

Mwenyekiti wa bodi, mzee mstaafu asiyependa maneno mengi, alivua miwani.

"Sista, unajua unajichongea?"

"Najua, mzee. Naomba iandikwe kama nilivyosema."

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba matroni hashiki dawa," mwalimu mkuu akasema. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Niliwafundisha. Halafu nikamtilia mfukoni."

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Baadaye wakaamua kwamba Teresia arudi kazini, kwamba mimi nitapewa barua ya onyo, na kwamba watakutana tena kujadili kama nitabaki. Nikawaambia nitaliandikia mwenyewe baraza linalosimamia kazi yetu, wasisumbuke. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza kwamba shule yenye watoto wa bweni siku saba haiwezi kuwa na muuguzi wa siku sita, na kwamba hata wakinifukuza watalazimika kumtafutia atakayenifuata mwenzake wa kupokezana naye. Mzee akasema hilo nalo liandikwe. Mwalimu mkuu akatazama kiboko.

Nilipotoka nilimwambia Teresia yaliyoamuliwa, na kwa nini. Nilitarajia nini? Labda anishike mkono. Akasema polepole, kwa sauti anayotumia kwa watoto waliokojoa kitandani:

"Sista, wewe unaandika kurasa na kurasa watu wasome hadi Nairobi. Mstari mmoja tu juu ya bahasha ulikushinda?"

Akainuka, akabana mkoba kwapani, akaenda kuanua mashuka yaliyokuwa yananyeshewa. Baada ya hatua chache akageuka kuniuliza kama nitasimama hapo tu au nitashika upande mmoja. Nikashika upande mmoja.

Nimekaa hapa tangu nifike nikilitafakari lile la kanisa. Kanisa langu halijawahi kunikataza kumhudumia mgonjwa siku ya Sabato. Wauguzi wa imani yangu wanafanya kazi wodini siku hiyo bila dhambi yoyote, na mimi nalijua hilo tangu chuoni. Nilipenda tu pumziko langu liwe kamili, nikalikamilisha kwa mikono ya mtu mwingine, kisha nikaja hapa kuwafundisha ninyi mipaka.

Makala ya mpishi na usukani sitaifuta. Ni ya kweli. Nimeongeza chini yake mstari mmoja unaosema nani alimpa mpishi usukani.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nitashuka kwa mama yake Kemunto. Yeye ameambiwa kosa ni la matroni. Atanikuta uani kwake kabla hajaenda kuchuma chai, na sijui atanipokea vipi. Ana haki ya kunipokea anavyotaka.

Ijumaa jua litatua kama kawaida, na mboga yangu itakuwa imeiva mapema. Aproni ya Teresia itakuwa na vibanio vya nguo tu mfukoni. Ufunguo wa kabati la dawa utakuwa kwangu. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kemunto atanikuta mlangoni mwa bweni nimevaa nguo za kanisani, nimeshika kikombe cha maji na kidonge kimoja.