Kioo Juu ya Usukani

Nyumbani kwa Mama Arlys,
Ziwa Halvor,
Minnesota.
Ijumaa, 11 Julai.

Mpendwa Shangazi Verla,

Hujambo, Shangazi wangu? Goti linasemaje? Najua huko Arizona mwezi huu hata kitasa cha mlango hakishikiki, basi nakuomba usimwagilie maua yako mchana. Mjomba Otis bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Mwambie mimi niko upande wa daktari.

Mimi sijambo. Nimezidi hata kuwa mzima. Leo natimiza siku ishirini za ndoa, na kila nikiamka huwa natulia kwanza nimtazame Leif kabla hajafumbua macho, nijihakikishie kwamba kweli ni wangu. Ana masikio makubwa, unakumbuka uliyacheka siku ya harusi? Jua la asubuhi likipita dirishani masikio yale huwa mekundu kama mapazia ya sinema. Mkate wangu wa kuchoma hunipakia siagi yeye mwenyewe, hadi pembeni kabisa, kwa sababu siku moja tu, tena zamani, nilisema napenda hivyo. Jana niliteremka gatini nikakuta ameandika TILDA kwa kidole kwenye umande wa boti. Shangazi, nililia. Niliona hata haya kulia kwa ajili ya umande.

Sasa nikupe siri. Tumepata nyumba Duluth! Ni vyumba viwili tu, juu ya duka la mikate, na dirisha la jikoni linatazama ziwa kuu na meli zake. Leif amepata kazi ya kutengeneza injini bandarini, na mimi nitauza mikate hapo chini. Tunaingia tarehe moja Septemba. Ufunguo ninao tayari, nauvaa shingoni.

Tatizo ni kwamba mama yake, Mama Arlys, hajui. Tangu harusi ilipopangwa amekuwa akitupaka rangi ya manjano chumba kilicho juu ya banda la magari, akiamini tutaishi hapo mpaka tuzeeke. Leif ameniapia kwamba kesho atamwambia. Kesho ni siku ya familia ziwani, boti na boya la kuvutwa kutwa nzima, na anasema mama yake huwa mpole akiwa majini. Kwa hiyo kesho ndiyo siku yenyewe.

Mimi na maji unatujua. Leif nilimweleza yote ya ule mto, nilipokuwa na miaka tisa. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Nikiwepo mimi, maji hayatakufika shingoni." Sina wasiwasi hata kidogo. Wacha nikachemshe viazi vya saladi, nitamalizia kesho.

Jumapili, 13 Julai.

Shangazi, barua hii imelala juu ya friji siku mbili. Nimesoma niliyoandika Ijumaa na sifuti hata neno, maana yote yalikuwa kweli.

Jana kulikucha vizuri. Wifi yangu Karna alifika na mumewe, Dewey, wakiwa na soseji, mahindi na ndoo mbili za barafu. Boti ilikuwa ya marehemu baba yao, nyeupe yenye mstari wa kijani, na Leif ndiye anayeiendesha siku hizi. Juu ya usukani kuna kioo kirefu cha kutazamia nyuma. Nilikivuta upande wangu nibane nywele. Leif akaja, akakirudisha, akafumba jicho moja, akakisogeza tena kidogo mpaka kikamridhisha, kisha akanibusu puani. Niliona raha tu ya lile busu.

Pale gatini Dewey alinipa somo. Boya lenyewe ni la mpira, pana kama kitanda, lina mishikio miwili, na boti hulivuta kwa kamba ndefu.

"Shemeji, tega sikio, siku nzima sitarudia," akasema. "Kidole gumba juu, tunaongeza mwendo. Kidole chini, tunapunguza. Ukijipigapiga kichwani na kiganja, umechoka, tunakurudisha nyumbani."

"Na kama mikono yote nimeshikilia?"

"Basi uombe."

Wakacheka. Mama Arlys akavaa miwani yake ya jua akakaa kwenye kiti kinachotazama nyuma. "Dereva anatazama mbele," akaniambia. "Mwangalizi ndiye macho yake. Na hapa mwangalizi ni mimi, mwaka wa thelathini huu. Kila anayeolewa hapa hupanda yeye kwanza. Mimi mama mkwe alinipandisha nikiwa na mimba ya huyu Karna."

"Ndiyo maana hatulii," akasema Dewey, akapigwa taulo.

Nikapanda. Mwanzoni ilikuwa furaha, Shangazi, nisikudanganye. Maji yalikuwa yanang'aa, nami namwona mume wangu mgongo tu na yale masikio, nikapiga kelele kwamba nampenda, ingawa injini ilimeza kila kitu. Halafu boti ikakata kona. Boya likatupwa nje ya mkondo wa boti, likaanza kuruka juu ya mawimbi, kila likitua kidevu changu kinagonga mpira. Nikatoa mkono mmoja, nikaonyesha kidole chini.

Mama Arlys aliniona. Alikuwa ananitazama usoni kabisa. Aligeuka akasema neno kwa Leif, kisha akanirudia na tabasamu, kidole chake kiko juu. Boti ikaongeza.

Nikaonyesha chini tena. Boti ikaongeza tena. Nikajipiga kichwani kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, nikajipiga kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Yeye akapiga makofi. Kona iliyofuata ilinirusha. Nilipinduka sijui mara ngapi, jaketi la kuokolea likanipanda mpaka masikioni, na maji yakanifika shingoni, Shangazi, yakapita shingo, yakaingia puani, nikawa tena na miaka tisa.

Boti ilirudi polepole. Mama Arlys akaniinamia kutoka juu. "Haya, mkwe. Umeshabatizwa. Sasa wewe ni wa hapa."

Leif alinivuta ndani, akanifunga taulo. Mimi nilikuwa nimechunika viganja vyote viwili. Nilidhani labda ishara nilizikosea.

Ni Dewey aliyeniambia, wakati wa chakula, mdomo umejaa soseji. "Shemeji, ungemsikia Mama! 'Ongeza, Leif, mtoto anafurahi! Ongeza, anaomba!' Na wewe huko nyuma unajipiga kichwa kama unaua mbu!"

Meza nzima ilicheka mpaka Karna akamwaga bia. Mama Arlys alifuta macho. "Nilitaka nijue kama anashika au anaachia," akasema. "Anaachia."

Leif alisimama. "Mama! Kumbe alikuwa anaomba kupunguziwa?"

"Alikuwa na jaketi. Kaa ule."

Akakaa. Lakini akaniegemea sikioni akaninong'oneza, "Sikuona kitu, mpenzi wangu. Mimi natazama mbele tu. Nisamehe." Nami nikasamehe pale pale, tena nikafurahi, maana alisimama mbele ya mama yake kwa ajili yangu, hata kama alikaa upesi. Nikamuuliza kwa chinichini, "Utamwambia?" Akasema, "Baada ya zamu yake. Akishapanda boya huwa na moyo mweupe."

Mama Arlys ana miaka sitini na minne na kila mwaka lazima apande mara moja. Karna na Dewey walikuwa wamelala kivulini, wameshiba. "Acheni mkwe awe mwangalizi," akasema Mama Arlys akifunga jaketi. "Ni kazi ya kutazama tu, haimshindi."

Kwa hiyo tukawa wawili kwenye boti, mimi na mume wangu, na mama yake nyuma mwisho wa kamba. Wewe sikufichi kitu. Nilipokaa kwenye kile kiti nilikuwa na nia mbaya. Nilijisemea, akishusha kidole nitapaza sauti, "Ongeza, Leif, anaomba!" Nilikuwa nimeyaweka maneno ulimini tayari.

Tukakata kona ya kwanza. Boya likaruka. Mama Arlys akatoa mkono, akashusha kidole.

Nikafungua mdomo, na kabla sijatoa sauti, boti ikapunguza mwendo.

Nikageuka. Leif alikuwa anatazama mbele, lakini macho yake yalikuwa juu, kwenye kioo. Na ndani ya kioo, Shangazi, alikuwemo mama yake mzima, na boya, na kidole chake, vyote vidogo na safi kama picha ya stempu. Ningeweza kuhesabu vifungo vya jaketi.

"Unaona vizuri," nikamwambia.

"Naona nini?"

"Yote."

Masikio yake yakawa mekundu, lakini safari hii jua halikuwa nyuma yake.

"Asubuhi uliniona."

"Tilda, ulikuwa na jaketi."

"Uliniona nikijipiga kichwani."

"Mama alikuwa anacheka." Akasema hivyo, Shangazi, sijaongeza neno. "Tangu tumzike Baba hajacheka hivyo. Ilikuwa dakika mbili tu. Nilijua huwezi kuzama."

"Na pale mezani?"

Akatazama mbele. Kisha akasema taratibu, "Na ile habari ya Duluth, leo tuiache. Usimharibie siku."

Huko nyuma Mama Arlys akapiga kichwa chake kwa kiganja, mara moja tu, kama anayerekebisha kofia. Leif akageuza boti kuelekea nyumbani kwa upole mkubwa, kama aliyebeba mayai.

Jioni, wao wakichoma mahindi ufukweni, nilichukua bisibisi yake nikakifungua kile kioo. Kilishikiliwa na skrubu nne. Nikakifunga ndani ya gauni langu la harusi, nikakitia sandukuni.

Leo asubuhi tulikuwa tumebaki watatu, Karna na mumewe wameshaondoka. Leif aliingia kutoka gatini akatukuta mezani. "Nani kaondoa kioo cha boti?"

"Kioo gani?" akasema Mama Arlys. "Kile? Cha nini, na mwangalizi yupo? Baba yako hata hakuwahi kukitazama."

"Kiko sandukuni mwangu," nikasema. "Kinaenda Duluth."

"Duluth kuna nini?"

Neno lile lilikuwa la Leif, aliliapia. Nikamtazama yeye. Nikainua kiganja, hiki kilichochunika, nikajigusa kichwani mara mbili. Alikuwa mbele yangu, hatua moja, hakuna injini, hakuna maji, hakuna wa kumfasiria. Akaniona. Halafu akashusha macho, akachukua kipande cha mkate, akakipaka siagi hadi pembeni kabisa, akakiweka kwenye sahani yangu.

Basi nikasema mwenyewe. Nyumba, kazi, tarehe. Nikatoa ufunguo shingoni nikauweka mezani.

Mama Arlys hata hakupandisha sauti. "Leif, unaenda Duluth?"

"Tutazungumza, Mama."

"Haendi," akaniambia mimi, kwa huruma kama anayemweleza mgonjwa. "Rangi yenyewe ya chumba haijakauka."

Leif akanywa kahawa yake.

Nakuandikia kutoka kwenye ngazi za hicho chumba cha manjano. Namwona pale gatini anafunga boti, fundo lile lile ninalolipenda, na mama yake amesimama juu yake anamwonyesha kwa kidole. Nampenda, Shangazi. Laiti ningekuwa nimeacha kumpenda, barua hii ingekuwa fupi. Nimemwambia tarehe moja Septemba saa tatu asubuhi nitawasha gari, na kiti cha pembeni sitakiwekea mzigo wowote. Alinibusu kiganja kilichochunika na akasema kitapona haraka.

Kuna jambo limenirudia tangu jana. Siku ile ya mto ulikuwa juu kilimani unaanika shuka, na kelele zangu hukuzisikia. Uliona mkono tu. Uliingia majini na viatu vyako na pegi za nguo bado umezibana mdomoni, na hukuniuliza kama ningezama au nisingezama. Nilidhani watu wote wanaopenda hupenda hivyo. Nilidhani ndivyo ilivyo kawaida.

Nisalimie Mjomba Otis, mwambie tai yake ya harusi ninayo, aliisahau. Nisalimie Junie na mapacha wake, na umbusu yule mbwa mzee kwenye kichwa. Anwani ya Duluth nimeiandika nyuma ya bahasha. Kama goti linaruhusu, njoo Septemba, dirisha la jikoni ni pana, tutakaa wawili tuhesabu meli. Mungu akulinde na jua hilo, na akuachie macho yako yale yale.

Ni mimi nikupendaye, ule mkono uliouona,

Tilda