Upande wa Kushoto

Jumamosi, 6 Septemba
Koni tena. Asubuhi nzima kuzizunguka kwa pikipiki kwenye uwanja wa vumbi kule Mkolani, mwendo wa kobe, bila kugusa chini kwa mguu. Mwalimu Adventina, Mhaya mmoja mrefu asiyecheka ovyo, anasema kukimbia kila mtu anaweza. Dereva wa kweli anaonekana akienda polepole. Nimeangusha koni mbili, zote za kushoto. Wenzangu wakacheka. Bwana mifugo, wakasema, hizo si ng'ombe.

Miaka ishirini nimepeleka chanjo vijijini Misungwi kwa pikipiki, matope na jua. Leo nafundishwa kukata kona. Lakini klabu ya waendesha pikipiki haimpokei mtu asiyemaliza mafunzo, na mwisho wa mwezi wanavuka daraja kwenda Sengerema. Nataka kuwemo kwenye msafara ule. Nautaka kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Jumapili, 7 Septemba
Barabarani. Zoezi la leo: endesha huku ukisema kwa sauti kila unachokiona. Mwalimu yuko nyuma kwenye pikipiki yake, anakusikia kwa kifaa kilichomo ndani ya helmeti. Mwanzo nilijiona mpumbavu. Kufika Butimba nikanogewa. Lori linatoka. Shimo. Bajaji, haina indiketa. Mtoto na dumu la maji. Mpaka Mkuyuni nilikuwa kama mtangazaji wa mpira.

Tuliposimama akauliza kama nilimwona mama mwenye beseni la dagaa. Mama yupi? Akauliza na mbuzi. Mbuzi wapi? Akasema vyote vilikuwa kushoto. Njia nzima sikutaja kitu hata kimoja cha kushoto.

Nikamjibu nilikuwa natazama mbele, kama anavyotufundisha. Hakubishana. Angebishana ningemshinda.

Jumanne, 9 Septemba
Huyu mama mwalimu anatafuta sababu ya kunikataa. Nimelisema hilo kazini, nimelisema nyumbani.

Jioni nikajipima mwenyewe ili yaishe. Nikaziba jicho la kulia, nikamwambia mke wangu alete mwiko kutoka kushoto, polepole, nitasema nikiuona. Nikasubiri. Akauliza nasubiri nini, mwiko huu hapa karibu na sikio. Nikasema taa ni hafifu. Akasema taa ni ileile ya kila siku. Nikamfokea. Sasa anaosha vyombo kwa kelele.

Jumamosi, 13 Septemba
Siku mbaya.

Tulifanya zoezi la msafara. Unakwenda kwa kupishana, mmoja kulia, mwingine kushoto nyuma kidogo, kila mtu na nafasi yake. Aliyekuwa kushoto kwangu ni Fredi, fundi cherehani wa Mkuyuni, kijana mpole. Karibu na Usagara likaja lori, nikasogea kushoto kulipisha. Nikasikia honi. Kisha kishindo. Kisha Fredi yuko kwenye nyasi na pikipiki yake inaunguruma chali.

Hajavunjika. Goti limechunika, suruali imechanika. Alikaa pale chini akinitazama, hata hakukasirika. "Kaka, nilikuwa hapa. Ubavuni kwako kabisa."

Nikasema sikumwona. Lakini kulikuwa kweupe na Fredi alivaa riflekta ya njano.

Mwalimu akachomoa ufunguo wangu mbele ya watu. "Baba Kulwa, kapime macho. Nisikuone barabarani mpaka daktari aseme." Nimerudi nyumbani kwa bajaji. Pikipiki yangu imeletwa na mtu mwingine. Aibu imenikaa mwilini kama homa.

Jumatano, 17 Septemba
Hospitali. Unaingiza uso kwenye mashine, ukiona nukta ya mwanga unabonyeza. Nikabonyeza, nikabonyeza. Kisha zikaacha kuja. Nikamwambia daktari mashine yake imekwama.

Haikuwa imekwama.

Presha ya macho. Jicho la kushoto limeliwa sana, la kulia limeanza. Ugonjwa hauumi, hauonyi, unaanzia pembeni, na ubongo unapajaza mahali palipo patupu. Kumbe muda wote nilikuwa napita kwenye barabara niliyojitungia mwenyewe. Kilichokwenda hakirudi, amesema. Matone asubuhi na jioni, maisha yote, ili kulinda kilichobaki.

Nikamuuliza kuhusu pikipiki. Akatikisa kichwa. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Akatikisa tena.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimewaambia kazini. Nitapewa kazi ya ofisini. Wamenisikitikia, na hilo ndilo baya zaidi.

Nimejaribu kukasirika, sioni wa kumkasirikia. Sina nguvu juu ya kitu chochote. Nawaza njia zote zile za vijijini, watoto wanaokimbia kuja kuangalia pikipiki. Wangapi walisimama kushoto? Hapo naacha kuwaza.

Marehemu baba alikuwa akijigonga kwenye miimo ya milango. Tulisema ni uzee. Daktari anasema ugonjwa huu hupita kwenye damu, Kulwa na Doto wapimwe. Nimewapigia wanangu wote wawili, nikazungumzia mvua. Sijaweza.

Jumatano, 24 Septemba
Mwalimu Adventina na Fredi wamekuja. Fredi bado anachechemea kidogo, akaniamkia kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Wameniletea riflekta ya klabu. Mwalimu akasema wamekubaliana niende Sengerema, atanipakia yeye.

Nimekataa. Kwa adabu, nadhani. Sitaki kubebwa kama gunia la muhogo. Wakanywa chai, wakaondoka. Baadaye nikalia, mke wangu akiwa sokoni.

Alhamisi, 25 Septemba
Nimewaambia watoto. Doto alilia. Kulwa akauliza matone yanapatikana wapi.

Jumapili, 28 Septemba
Wamekwenda. Walipita barabara ya hapa kwetu asubuhi, wakapiga honi. Sikutoka.

Kulipotulia nikaenda uani, nikatoa turubai, nikawasha pikipiki ili betri isife. Nikakaa juu yake, stendi ikiwa chini. Inanguruma vizuri. Nikaishika klachi, nikaiachia, bila gia. Nikakaa mpaka injini ikapata moto, kisha nikazima.

Nilipogeuka kushuka nikamkuta mke wangu amesimama kushoto kwangu, karibu kiasi cha kugusana mabega, ameshika kichupa cha matone. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Nikainua uso, akanitia matone.