Sura ya Saba Tumeisoma Nyumbani

Baba yangu,

Kaa vizuri nikuambie: sura ya saba tumeisoma. Hapa hapa nyumbani, Dranya, kama ulivyotaka.

Unakumbuka kule ukimbizini Zaire ulivyotuchosha na kitabu cha Nehemia cha Biblia? Mstari kwa mstari, unaeleza maana, huruki hata neno. Tukimaliza sura ya sita, unarudi ya kwanza! Wengine walicheka, wengine walinuna. Wewe ukasema tu, "Ile ya saba iko ya watu wamerudi. Tutasoma nyumbani." Halafu ukafa, Baba. Kaburi lako likabaki kule, na sura ikabaki mikononi mwangu.

Tuliporudi, wazee wa kanisa walinipa nafasi yako ya kuhubiri, lakini kwa kunijaribu. Walisema sura yenyewe ni majina matupu, niiruke, watu wamechoka, wanataka miujiza. Nikiisoma na watu wakasinzia, mimbari atapewa yule mhubiri wa Arua mjini, anayerukaruka ndani ya Biblia kama panzi. Nilikataa kuruka. Hiki kichwa kigumu nimerithi kwa nani?

Jumapili nikaanza: wana wa fulani, wana wa fulani. Mzee wa mbele alikuwa tayari anapiga miayo. Nikatua, nikaeleza kama ulivyonifundisha: hawa walitoka uhamishoni, na Mungu hakutaka hata ukoo mmoja usahaulike. Ndipo Mama Zaitun, jirani yetu Mwislamu tuliyekimbia naye, akasema kutoka mlangoni:

"Na sisi? Sisi pia iko watu wamerudi."

Akawataja watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Basi, nani angewazuia tena? Kila familia ilisimama ikataja watu wake, kwa ngoma na vigelegele. Yule wa miayo alitaja wajukuu mpaka akaanza kuwarudia. Nilicheka huku nalia. Wazee wenyewe wakaniuliza ya nane nitaanza lini.

Jina lako nililitaja mwisho. Nikasema huyu hakufika, lakini ndiye aliyetuleta. Ungesikia vigelegele vile, Baba, ungejificha kwa aibu.

Pumzika sasa. Nakuahidi sitaruka mstari, hata ile migumu. Ila sura ya kwanza siirudii tena. Tumefika.

Binti yako,
Kiden