Mwanya katika Ukuta wa Mama

Jumatatu, 2 Januari
Saa moja asubuhi, saiti Ilala, kwenye nyumba ninayomjengea Mama, kama kila siku kabla ya kwenda gazetini. Kukagua, kugombana. Leo nimepigwa na butwaa. Ukuta wa nyuma, ule mrefu wa mita kumi na nne, umekatwa katikati. Mwanya kutoka msingi hadi juu. Kidole changu cha mwisho kinaingia. Kila upande wa mwanya kuna nguzo ya matofali iliyojitokeza ndani ya chumba cha Mama. Kabati lake halitaenea.

Nikamuuliza Fundi Rashidi kama saruji ilimwishia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera.

"Ukuta unatembea, dada. Jua likiwaka unatanuka, likipoa unarudi. Tusipouachia nafasi, utajitafutia wenyewe."

Nikamwambia ukianza safari anijulishe, niufungie maandazi. Vibarua walicheka. Yeye akaendelea kueleza: nguzo ndizo zinazoshika ukuta uliokatwa, na boriti ya paa itakaa juu yake.

Wizi mtupu. Nimeandika miaka ishirini juu ya ujenzi mbovu Kariakoo. Naijua harufu yake.

Jumanne, 3 Januari
Rashidi amegoma kuziba. Nimemfukuza. Fundi mwingine kaja, hakuuliza swali hata moja. Kufikia saa sita mwanya umejaa saruji na nguzo zimechongwa zikawa sawa na ukuta. Huyu anasikiliza.

Jumapili, 8 Januari
Makala imetoka. Kali. Nimewachapa mafundi wanaoacha mapengo kwenye kuta za watu na kuyaita utaalamu. Sikumtaja Rashidi kwa jina. Nilitaja kijiwe chake cha mafundi Msimbazi na kofia yake ya njano. Simu zimeingia hadi mchana. Hata wenye maghorofa Kariakoo wamenipongeza, wale ninaowachapa kila mwezi. Nimefurahi.

Jumamosi, 4 Februari
Mama amehamia. Paa lipo, plasta ipo, rangi bado, vioo bado. Tutamalizia Mama akiwa ndani, kama watu wote wa mji huu.

Miaka thelathini ameuza vitenge Kariakoo akilala chumba cha kupanga. Leo ana ukuta wake. Kabati limeenea bila shida. Mchana alijilaza, kichwa kikiuelekea ukuta. Nikaenda chooni nikalia kidogo.

Alhamisi, 16 Februari
Joto la kuua. Na ufa. Umeanzia kona ya dirisha, unapanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, hadi unapotelea nyuma ya kabati. Nimempigia fundi wa pili mara sita. Hapokei.

Mama naye ana vituko. Amesimamisha mirunda miwili, miti mirefu ya ujenzi, chumbani, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, akafunga kamba na kuanika khanga. Nikamwambia amegeuza chumba kibanda cha soko. Akasema nimwache na kamba yake.

Jumatatu, 20 Februari
Niandike tu.

Nimesogeza kabati nione ufa unaishia wapi. Nyuma yake kuna alama za penseli. Mistari mifupi inayovuka ufa, kila mmoja na tarehe yake. Wa kwanza ni wa tarehe 9, wiki nzima kabla sijaona chochote. Mstari huo sasa umekatika vipande viwili, na vipande havitazamani tena. Mwandiko mzuri, wa mtu makini. Si wangu, si wa Mama.

Mama alikuwa mlangoni, ananitazama.

"Ni Rashidi," akasema. "Anakuja kuupima ufa ukishaondoka. Hiyo mirunda kaileta yeye, inashika boriti. Khanga nilianika mimi, ili usishtuke."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Aliniomba nisikwambie. Alisema utamwandika tena."

Kumbe Mama amekuwa akilala sebuleni tangu tarehe 9. Kitanda cha chumbani anakivuruga asubuhi ili nikifika nione kimelaliwa. Mama yangu, miaka sabini na sita, ananificha ukweli kama anavyofichwa mlevi.

Nimesoma vitabu vya uchumi, vya historia, vya sheria. Kuhusu ukuta sijasoma hata ukurasa mmoja. Na niliandika.

Jumanne, 21 Februari
Nimekwenda Msimbazi. Mafundi walikuwa wamekaa na miiko yao na timazi, zile kamba zenye uzito za kupimia wima wa ukuta, wakisubiri kazi. Mmoja akawaambia wenzake, "Kaeni wima, timazi kaja." Walicheka sana. Nilistahili.

Rashidi alikuwa mwisho wa benchi. Bila kofia. Tangu makala itoke amepata kazi ya siku tatu tu. Nikamwomba radhi mbele yao wote.

"Radhi nimepokea, dada," akasema. "Lakini waliosoma gazeti hawako hapa." Kisha akauliza kama Mama ameshatoka mle ndani.

Alikuja na wenzake wawili. Alipotundika timazi, nilijionea mwenyewe: ukuta umelalia ndani kwa vidole viwili. Tumempeleka Mama kwangu. Saa nane, tulipomaliza kutoa kitanda, kulisikika mlio kama fimbo inayovunjika. Matofali matatu yakadondoka. Pale pale ulipokuwa mto wake.

Rashidi aliyaokota, akayapanga nje.

Jumapili, 26 Februari
Makala ya pili imetoka. Safari hii nimemtaja Rashidi kwa jina, kwa ruhusa yake, na nimejitaja mimi kama niliyeziba mwanya na kukata nguzo. Mhariri alitaka kulainisha. Nimekataa. Simu haijalia hata mara moja.

Jioni Rashidi alituma ujumbe. Amepata ukuta wa shule.

Ijumaa, 10 Machi
Ukuta wa chumba cha Mama umejengwa upya. Mwanya upo. Nguzo zipo. Mama amerudi, na kabati liko sebuleni, tunapita kwa ubavu.

Rashidi amejaza mwanya sponji na kuufunika kwa mpira laini. Nilimwomba aache shibiri moja wazi karibu na dirisha, hadi kesho. Asubuhi nilikunja makala yangu ya kwanza mara nne nikaichomeka humo. Niliweza kuitoa kwa vidole viwili. Nikairudisha.

Saa nane mchana, jua kali, nimejaribu tena. Haitoki. Ukuta umeibana.

Nimeiacha. Mama amelala, kichwa kikiuelekea ukuta.