Yai la Pili la Kiota Namba Saba

Zakaria, ndugu yangu,

Wamerudi! Leo asubuhi mjukuu wangu Neema aliniwekea kishikwambi magotini, hapa wodini Flemingsberg, Uswidi, akapiga kelele kwa Kiswidi chake: "Titta, babu!" Nikatazama. Kilima chetu cha mawe kule Antaktika, tulikohesabu viota tukiwa wanafunzi! Siku hizi wameweka kamera. Pengwini wamejaa, na bado wanaibiana kokoto za viota. Mmoja alinyakua ya jirani, akaondoka kifua mbele kama hakufanya kitu. Nikakusikia kabisa: "Mheshimiwa huyo, anajenga kwa mali ya umma!" Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mashine.

Moyo wangu umechoka, Zakaria. Madaktari hawanifichi. Kwa hiyo nataka uyasikie haya kwangu mimi.

Unakumbuka kiota namba saba. Asubuhi ulihesabu mayai mawili. Adhuhuri kiongozi wa kambi akapita, akakuta moja limebingirika kwenye maji ya theluji, akaandika limepotea. Jioni ukaenda zamu yako, ukaandika mawili. Akakuita mbele ya wote: "Hukwenda. Umenakili ya asubuhi." Ukamjibu, "Nimeyaona kwa macho yangu." Kesho yake skua, yule ndege mla mayai, alikwishalibeba moja. Ushahidi ukaishia tumboni mwake.

Ni mimi niliyelirudisha. Amri yetu ya kwanza ilikuwa tutazame tu, tusiguse. Lakini lilikuwa bado na joto, na mama yake alikuwa akilitazama asijue la kufanya. Nikaingiza mkono majini, nikalisukuma chini ya tumbo lake. Akanipiga ubawa, kofi la haki. Halafu ulipoitwa mwongo, nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa masomoni na kurudishwa Dodoma mikono mitupu. Mimi nikawa daktari wa sayansi. Wewe hawakukuita tena. Ukapanga makasha ghalani Jordbro mpaka ukastaafu. Na kila Krismasi ukanialika pilau. Pilau, Zakaria! Nilikuwa nikiimeza kama kokoto.

Sasa sikia. Mwezi uliopita niliiandikia taasisi iliyotupeleka kule, nikaeleza yote. Jana wamejibu! Mama kijana anayeongoza utafiti sasa amelitoa daftari la zamani kabatini. Kando ya hesabu yako ameandika: mayai mawili, sahihi. Na jina lako amelirudisha kwenye orodha ya watafiti wa kambi ile. Neema alinisomea mara tatu. Mara ya nne nilisoma mwenyewe, miwani imejaa machozi.

Jioni hiyo mkeo, shemeji Rehema, akaja na chupa ya uji. Niliogopa kuliko siku niliyotetea tasnifu yangu. Nikamwambia. Akamimina uji, akanipa kijiko.

"Shemeji, alijua," akasema. "Siku ile aliona glavu zako zimelowa. Alisema, siku yako ikifika utasema mwenyewe."

Ulijua! Miaka yote hiyo ulinipakulia nyama na ukajua! Nilitaka kukasirika, nikashindwa. "Kunywa," shemeji akasema, "usimfuate na njaa, atanilaumu mimi." Mtu huyu umemwacha vilevile, ulimi na yote.

Jumamosi jumuiya yetu inakutana Märsta kuiombea roho yako. Daktari amekubali nipelekwe kwa kiti cha magurudumu, kwa muda wa saa mbili tu. Nitasema mbele yao wote, mbele ya watoto wako, kwamba baba yao hakuandika asichokiona hata siku moja. Ninaahidi. Pumzi ikinikatikia njiani, Neema ataisoma barua hii, na ameapa ataisoma kwa Kiswahili, hata akijikwaa.

Lala salama, ndugu yangu. Tukionana nitafika mikono mbele, na safari hii nitasema kabla hujaziangalia glavu.

Wako,
Elia